Namna ya Kuwinda Bata Maji Mkoani Mara Ukarudi Mikono Mitupu na Heshima Yako

Umeshanunua kofia ya kijani. Umeshamwambia shemeji yako kwamba Jumamosi unakwenda kuwinda bata, na shemeji yako hana kifua cha kutunza siri. Sasa nusu ya mtaa wa Iringo inajua, na jirani wa nyumba ya pili ameshaomba awekewe paja. Bunduki yenyewe hujawahi kuifyatua. Tulia, ndugu yangu. Niko upande wako.

Nitakufundisha kuwinda bata maji kwenye vijito na malambo ya Musoma, Bunda na Butiama mpaka urudi nyumbani bila bata hata mmoja, na mtaa uendelee kukuamkia. Nia yangu naitaja mapema ili tusidanganyane: nataka bata wabaki majini, na sifa ibaki kwako. Yote mawili yanapatikana kwa siku moja, na hayahitaji kipaji.

Kwa nini nakuhimiza ushindwe? Kwa sababu mwanagenzi haanzi kwenye ziwa lenyewe. Anaanza kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, kwenye kijito kinachokwenda kumwaga Suguti, kwenye jaruba la mpunga lenye maji ya goti. Huko ndiko bata wanakaribiana na mtu, na huko ndiko wanakoisha upesi. Lambo likiwa na bata ishirini, hao ishirini ndio wote. Ukiangusha sita leo, waliobaki wanahama kesho, na keshokutwa ng'ombe wanakunywa peke yao. Nimeyaona malambo yaliyonyamaza hivyo, na kuyarudisha ni kazi ya miaka.

Basi tuanze.

1. Anza na karatasi.

Hii ndiyo njia ya mkato kuliko zote, na ni halali tupu. Tanzania mnyama wa porini ni mali ya umma, na bata maji ni mnyama wa porini hata kama analala kwenye lambo lililo nyuma ya choo chako. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inamtaka mwindaji awe na leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inaitaka bunduki nayo iwe na yake. Kwa hiyo nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au ofisi ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, iliyo karibu nawe, ukiwa na daftari na kalamu. Uliza ndege gani wanaruhusiwa, eneo lipi, miezi ipi, wangapi. Andika kila jibu. Usiharakishe.

Ukitoka pale tayari umepata kauli itakayokubeba miezi kadhaa: "Nasubiri kibali." Ni kauli ya mtu mkubwa. Hakuna anayemcheka mtu anayesubiri kibali. Tena wengine watakuomba uwaulizie na wao.

Katika kusubiri huko atajitokeza rafiki mwenye gobore la kuazima. Huyo mkatae palepale, bila kumwonea haya. Gobore lisilo na leseni linakupeleka mahakamani, na likiwa limetengenezwa vibaya linakupeleka hospitali kwanza. Atajitokeza na wa pili, atakayekuambia kwamba bata wazuri wako "kule chini" Bunda. Muulize kule chini ni wapi hasa. Hifadhi ya Serengeti inashuka upande wa magharibi hadi karibu na Ghuba ya Speke, na lango la Ndabaka liko pembeni kabisa mwa barabara ya Mwanza na Musoma. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote, na kusema hukuuona mpaka hakujawahi kumfungulia mtu pingu.

2. Chagua saa mbaya.

Bata maji wengi hula jioni na usiku, kisha alfajiri hurudi majini kupumzika. Mwindaji hodari huwa ndani ya matete kabla jogoo hajawika. Wewe amka saa moja na nusu. Kunywa chai ya maziwa na kiazi. Tafuta soksi. Fika saa tatu, jua limeshapanda, bata wameshashiba, wamejipanga katikati ya maji mahali ambapo hata jiwe la manati halifiki.

Jihadhari na kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba vijito vingi vya kwetu hukauka, na bata wa eneo zima hujibana kwenye maji machache yaliyobaki. Hapo hata mwanagenzi anaweza kuua, tena kuua wengi kwa mara moja, na ndiyo maana kiangazi nakutaka uende na darubini tu. Mvua zikianza wanatawanyika kwenda kutaga, na wewe unapata sababu mpya isiyo na mwisho: matope.

Kuna kipindi kingine nakusihi ukijue. Bata akimaliza kulea hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa pamoja, na kwa wiki kadhaa hawezi kupaa. Ukimwona anakimbia juu ya maji huku anapiga mbawa zilizopukutika, hajakuogopa kiasi cha kusahau kuruka. Hana cha kurukia. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumkamata. Mtu mzima mwenye kofia ya kijani hawezi kujisifu kwa hilo, basi geuka uende zako.

3. Vaa uonekane.

Macho ya bata yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, na rangi anazitambua kuliko wewe. Kwa hiyo vaa jezi. Iwe ya Simba, ya Yanga, au ya Biashara United kama moyo wako bado uko uwanja wa Karume. Kofia ya kijani mpe mtoto aibebe.

Kisha tembea juu ya tuta la lambo, wala usipite nyuma yake. Ukiwa juu ya tuta, bata wanakuona umesimama wima dhidi ya anga tangu uko mita mia. Na kama wao wamesinzia, kwarara atawaamsha. Ndege huyo mwenye mdomo uliopinda akiona mtu hupiga ukelele unaosikika hadi kitongoji cha pili. Mwindaji hodari humchukia kwarara. Wewe msalimie, anakufanyia kazi.

4. Pita kwa mwenyekiti.

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu hatua hii peke yake yaweza kumaliza safari nzima, na ni ya adabu.

Lambo si la serikali ya mbali, ni la kijiji. Lilichimbwa kwa nguvu za watu, lina kamati, lina zamu za kunywesha, na lina ugomvi wake wa tangu zamani. Mgeni mwenye bunduki hapiti hivihivi. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, upige hodi, uvue kofia. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu, karibu kiti." Usiseme shida yako upesi. Uliza habari za mvua, za mihogo, za ng'ombe. Yeye atauliza ukoo wako, na akigundua kwamba babu yako na shangazi yake walitoka kijiji kimoja, umekwisha: utaletewa ugali wa mtama na dagaa, na mtu hali akaondoka papo hapo.

Ukishakula, ndipo useme umekuja kwa ajili ya bata. Mwenyekiti atanyamaza kidogo. Atakuuliza kama unajua kwamba saa hizi wanawake wako lamboni wanachota maji. Atakuuliza kama umewaona vijana wa ng'ombe. Atataja mtoto aliyekuwa anaoga pale jana. Kila anachokitaja ni kweli, na kila kimoja kinatosha kuifanya bunduki ibaki begani. Marisawa yakipiga maji huteleza na kuruka mbali kwa pembe usiyoitarajia, na kwenye lambo dogo hakuna upande usio na mtu.

Mshukuru mzee kwa ushauri wake. Omba ruhusa ya kwenda kuangalia tu. Atakupa na kijana wa kukusindikiza, na kijana huyo anajua ndege wa lambo lile kuliko mimi na wewe na vitabu vyetu.

5. Kama ni lazima ukose, jua namna ya kukosa.

Utakutana na watu wanaojua bunduki, nao watakuuliza kwa nini ulikosa. Jibu lao liko tayari, na ni hesabu. Bata anayeruka huenda kama kilomita 70 kwa saa, yaani takriban mita 19 kwa sekunde. Marisawa yanahitaji kama sehemu ya kumi ya sekunde kufika mita 35. Ndani ya muda huo bata ameshasogea karibu mita mbili. Anayelenga mwili wa bata hupiga hewa nyuma ya mkia. Anayetaka kumpata hulenga mahali patupu mbele ya mdomo. Lieleze hilo taratibu, ukichora kwa kidole juu ya meza. Watakuona mtaalamu, na hakuna atakayekumbuka kuuliza kama ulifyatua.

Lakini usifyatue. Nasema hivi kwa uzito wote. Marisawa hutawanyika, na ukosaji wa mwanagenzi mara nyingi si ukosaji kamili: punje moja inaingia kwenye bawa, mbili kwenye tumbo, bata anakwenda kuangukia kwenye mafunjo usikoweza kumfuata, anakufa baada ya siku tatu. Zaidi ya mita 40 hata bunduki nzuri ya marisawa inajeruhi kuliko inavyoua, na juu ya maji macho hudanganya, mita 60 zikaonekana 30. Ukosaji ulio safi ni ule wa risasi iliyobaki mfukoni.

Tena kuna madini yenyewe. Marisawa mengi bado ni ya risasi, ile metali laini nzito. Yanayokosa huzama kwenye tope la lambo. Bata hana meno; humeza vijiwe ili firigisi imsagie chakula, na hawezi kutofautisha kijiwe na punje. Anameza punje, firigisi inaisaga, sumu inaingia kwenye damu, na bata ambaye hakuna aliyemlenga anakonda hadi kufa. Marekani walikataza marisawa ya risasi kwa uwindaji wote wa bata mwaka 1991. Umoja wa Ulaya ulikataza kuyatumia kwenye maeneo ya maji kuanzia Februari 2023. Lambo lako linanywesha ng'ombe, mbuzi na watu. Utalimwagia madini ya nini?

6. Usiingie majini.

Hii fupi. Kwenye madimbwi kuna konokono wa kichocho, na ngozi iliyolowa dakika chache yatosha kuambukizwa. Kando ya Ghuba ya Mara na kuelekea daraja la Kirumi kuna mamba na viboko. "Nilimwona alipoangukia, ila pale hapaingiliki" ni sentensi ya kweli mahali pengi mkoani kwetu hata kabla hujaondoka nyumbani.

7. Jifunze majina. Hapa ndipo sifa ilipo.

Mtu anayerudi na bata mmoja aliyekufa ana hadithi moja. Mtu anayerudi akiwajua bata sita kwa sura ana mazungumzo ya mwaka mzima. Jifunze hawa, na utapita wawindaji wote wa kijiweni.

Wa kwanza ni wa mluzi, yule mwenye uso mweupe na kisogo cheusi, anayesimama wima kama askari wa gwaride. Anapiga mluzi wa sauti tatu, na usiku wakipita kundi zima juu ya paa utadhani ni wavulana wanaoitana. Dume na jike wanafanana, wanalea pamoja, na wakipumzika utawaona wawili wawili wakichambuana manyoya ya shingo. Ukimsikia huyo gizani ukasema jina lake bila kuinua kichwa, kikombe cha kahawa kitalipiwa na mwingine.

Wa pili ni bata bukini wa Misri, mwenye doa la kahawia kuzunguka jicho kama aliyekesha. Hatembei peke yake. Ana mwenzi wake, na wenzi hao hudumu pamoja. Ni mgomvi, hata ng'ombe humfokea. Wamisri wa kale walimchora kwenye kuta za makaburi yao maelfu ya miaka iliyopita, naye bado yuko Bunda anagombania ukingo.

Wa tatu ndiye mkubwa kuliko wote, mweusi mwenye mng'ao wa kijani, dume lake likifika kilo 6 na kuendelea. Ana mwiba wa mfupa kwenye bawa, na anajua kuutumia. Huyu ndiye kila mwanagenzi humtamani kwa sababu ya ukubwa. Mwambie anayemtamani kwamba Afrika Magharibi, hasa Gambia, nyama yake imejulikana kuwa na sumu, kwa sababu hula mbawakawa wenye kemikali kali na kemikali hiyo hubaki mwilini mwake. Sufuria litapoa ghafla.

Wa nne: dume lina nundu kubwa nyeusi juu ya mdomo, na jike hutaga ndani ya tundu la mti. Ukikata mti mkavu kando ya kijito umekata nyumba yake. Wa tano ni mdomo-njano, mtulivu, ambaye ukimzoea unamtambua kwa mbali sana. Wa sita ni kijibata cha kwenye yungiyungi, uso mweupe, mdomo wa rangi ya chungwa, mgongo wa kijani. Hafiki hata gramu 300. Ukimnyonyoa hatoshi kitoweo cha mtu mmoja. Ukimwacha hutosha macho ya mtaa mzima. Katika ndege wote wa maji mkoani Mara, huyo ndiye ninayempenda.

Kuanzia Oktoba au Novemba huja wageni. Wapo wenye mkia mrefu uliochongoka, wapo ambao dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho, wapo wenye mdomo mpana kama mwiko. Wametoka Ulaya na Siberia, wanakaa kwetu hadi Machi au Aprili, kisha wanarudi kutaga kwao. Upo mkataba wa kuwalinda ndege maji wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliopitishwa The Hague mwaka 1995, na Tanzania ni mwanachama wake. Kumuua mgeni aliyetoka Siberia kwa ajili ya mchuzi wa Jumapili ni aibu kwa watu wanaojua kukirimu kama sisi.

8. Nunua bata Nyasho.

Jirani bado anasubiri paja. Sawa. Nenda soko la Nyasho, mtafute mama anayeuza bata wa kufuga, mlipe bei yake bila kumkandamiza, urudi na bata wako. Mpike kwa nazi au kwa nyanya, upendavyo. Mwite jirani.

Akikaa mezani na kuuliza "Ni nini hiki?", jibu neno moja: "Bata." Usiongeze kitu. Mkia wa hadithi atautunga mwenyewe. Akikubana kwa macho na kuuliza ametoka wapi, mwambie ukweli, umemnunua sokoni, umwongezee kipande.

Kwa nini nakukataza kudai ni wa porini? Kwanza mafuta yatakusaliti. Bata wa kufuga ana mafuta mengi chini ya ngozi, wa porini ni mkavu na nyama yake ya kifua ni nyeusi, na kila mtaa una mzee mmoja anayejua hilo. Pili, na hili ndilo kubwa, ukitangaza mezani kwamba umemuua bata wa porini bila kibali, umekiri mbele ya mashahidi kukutwa na nyara za serikali. Sifa ya jioni moja isikupeleke kujibu maswali ya askari wanyamapori asubuhi.

Na sasa nakuomba uniangalie usoni. Iko njia moja ya udanganyifu ambayo siifundishi na sitaki uisikie kwa mtu mwingine: kununua bata maji wa kuokotwa. Mtu akikusimamisha njiani akiuza bata wa porini watano waliokufa, hawana tundu la marisawa wala alama ya tanzi, ondoka. Yaelekea wamekufa kwa sumu. Ng'ambo ya mpaka, kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala huko Busia, Kenya, ilijulikana wazi miaka ya 2009 na 2010 kwamba watu wanatega korongo na bata kwa furadani, dawa ya wadudu ya shambani, kisha wanawauza kama kitoweo. Furadani haichagui. Inamuua bata, inamuua mbwa aliyekula utumbo wake, inamuua tai aliyemla mbwa, na anayekula nyama ile kwa kuambiwa kwamba matumbo yameshatolewa anacheza na maisha ya wanawe. Sheria ya 2009 inakataza kuwinda kwa sumu, kwa nyavu, kwa tanzi, kwa baruti na kwa tochi za usiku. Ukimwona muuzaji wa namna hiyo, mpigie afisa wanyamapori au mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo.

9. Simulia.

Mtu asiyejua kusimulia hata akiua tembo haheshimiwi. Keti kijiweni, au shuka mwaloni Mwigobero jioni dagaa wanapoanuliwa. Subiri uulizwe. Ukiulizwa, anza na idadi, kwa sababu idadi ni ya kweli na huwezi kukamatwa: "Walikuwa thelathini na wanne." Kisha taja umbali: "Mita ishirini hivi." Nyamaza. Kunywa kahawa. Watu watasogeza viti.

Halafu sema jina la ndege, na alichokuwa anafanya: "Wa mluzi, wawili wawili, wanachambuana." Mtu atashindwa kuvumilia, atauliza: "Ukafanyaje?" Hapo ndipo unaweka kikombe chini. "Nikawaacha."

Usieleze kwa nini. Mura, neno hilo la "nikawaacha" lina nguvu kuliko bunduki. Anayesema "nikakosa" anahurumiwa. Anayesema "nikaua" anaombwa nyama. Anayesema "nikawaacha" ameonyesha kwamba alikuwa na uwezo, na kwamba ana moyo. Na yote uliyoyasema ni kweli tupu.

10. Lipa deni lako.

Marekani tangu mwaka 1934 mwindaji wa bata mtu mzima lazima anunue stempu maalumu ya mwaka, na fedha zake hununua na kulinda maeneo ya maji. Wako wanaoinunua wala hawawindi. Sisi hatuna stempu, tuna lambo. Chukua zile fedha ulizotenga kwa ajili ya risasi, nenda nazo kwenye kamati ya lambo lile la mwenyekiti wako, ukaombe jambo dogo: kona moja ya matete izungushiwe miiba, ng'ombe wasiikanyage. Kona moja tu. Bata wanahitaji mahali pa kuficha mayai, na lambo lililokanyagwa pande zote halina mahali hapo. Ng'ombe watabaki na pande tatu, nazo zinawatosha.

Kisha njoo uhesabu. Kila Januari watu katika nchi nyingi duniani huhesabu ndege wa majini. Kwa Afrika zoezi hilo limeendeshwa tangu 1991. Linahitaji macho, daftari na subira. Ghuba ya Mara na kinamasi cha Masirori vimo katika orodha ya kimataifa ya maeneo muhimu kwa ndege, lakini malambo yetu madogo hayamo kwenye orodha ya mtu yeyote. Anayeyajua ni yule kijana wa ng'ombe aliyekusindikiza. Ukiandika wewe, miaka mitano mfululizo, lambo moja, Januari hadi Januari, utakuwa umefanya kazi isiyofanywa na ofisi yoyote.

Septemba 1961, mtoto wa Butiama aliyekuwa anaiongoza Tanganyika kuelekea uhuru alitoa tamko mjini Arusha kuhusu wanyamapori. Ni lile lililotangulia Azimio la Arusha la 1967 kwa zaidi ya miaka mitano. Aliahidi mbele ya dunia kwamba nchi itawatunza ili wajukuu wawakute. Watu hupenda kulitaja tamko lile wakiongea habari za simba na tembo wa Serengeti. Mimi nalisoma hata kwa kijibata cha gramu 300 kwenye lambo lililo mwendo wa baiskeli kutoka Mwitongo alikozikwa.

Darubini ya mitumba inapatikana kwa bei isiyofika ya bunduki hata kidogo. Daftari unalo. Jumamosi ijayo mchukue mwanao, mpite kwa mwenyekiti kumwamkia, muwahesabu bata mpaka jua likolee, kisha urudi kijiweni useme ulichokiona.